Moshi ni Moshi

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Leo nimeanza kusaidia kwenye chekechea ya Mwalimu Afaf, nyuma ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale. Si hiari yangu. Mama asema likizo nzima nimejifungia chumbani kama mwali. Asema watoto wa miaka minne hawatishi. Mama hajawaona!

Nikasimama mbele yao niwaambie naitwa Hussaina. Sauti ikagoma. Mtoto mmoja aitwaye Nabeel, meno mawili hana, akauliza kama mimi ni bubu.

Kisha akaingia Sumeiya. Jirani yangu, tena wa darasa langu shuleni, naye amekuja kusaidia. Yeye hata salamu hakumaliza. Akaanza wimbo wa kunawa mikono, kautunga mwenyewe: kiganja kwa kiganja, vidole katikati, kucha msisahau. Watoto wakamganda kama nzi na halua. Kufika adhuhuri walikuwa wakimwita Mwalimu Sumeiya. Mimi waniita Yule Mwengine.

Jumamosi ni siku ya wazazi. Naapa, kabla ya hapo mtoto ataniita mwalimu. Mmoja tu! Shuleni husifiwa kwa insha zangu za Kiingereza, lakini wivu huu kwa Kiingereza hautoki. Nimejaribu.

Jumanne, 15 Aprili

Mbinu ya kwanza: mabuyu. Nimeyaingiza kwa siri ndani ya mkoba, yale mekundu hasa. Nikawanong'oneza watoto kwamba atakayeniita mwalimu atapata fungu lake.

Wakala kwanza. Kosa langu. Nilipowakumbusha sharti, Nabeel akanishukuru kwa adabu zote: ahsante, Yule Mwengine.

Mikono myekundu hadi vifundoni! Sumeiya akatokea, akaona, akapiga makofi. Akawapeleka uani kwenye mfereji, akafungua maji, akawaonyesha wekundu unavyotoka kwa sabuni na unavyobaki ndani ya kucha. Kucha msisahau! Mwalimu Afaf akasema katika miaka yake yote hajaona njia nzuri kama hii ya kumfunza mtoto uchafu ulivyo. Akauliza ni nani aliyefikiria kuwapaka rangi. Wote wakaelekeza vidole kwa Sumeiya. Vidole visafi.

Mabuyu yangu!

Jumatano, 16 Aprili

Nimepewa somo langu! Hatari ya moto. Nikatandaza leso baina ya viti, nikasema huu ndio moshi, nao hukaa juu. Kwa hivyo: ukiona moshi, piga kelele, inama, tambaa, toka mpaka mfereji wa uani, ngojea hapo. Usikimbie. Usirudi kuchukua kiatu.

Walitambaa kama kaa. Walikataa hata kwenda kula. Sumeiya akaja kusimama mlangoni, kakunja mikono, atazama. Hapo ndipo Nabeel akauliza: je, moshi wa buhuri anayofukiza nyanya yake?

Nisite mbele ya Sumeiya? Sauti ikatoka yenyewe, nzito: moshi ni moshi! Wakaitikia wote, kuta zikatetemeka.

Wakati wa kuondoka: kwaheri Mwalimu Sumeiya, kwaheri Yule Mwengine.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwalimu Afaf katoa ratiba ya Jumamosi. Sumeiya: ataongoza wimbo mbele ya wazazi. Mimi: chetezo. Nipitishe udi wageni wanapoingia, wajifukize, basi. Nikamwambia nimefurahi. Nimelia msalani.

Baadaye nikapata wazo. Nani kasema lazima nipitishe wageni wanapoingia? Nitachelewa. Nitaingia katikati ya wimbo, na udi mzuri wa shangazi, ule wa harusi. Nani atasikiliza habari za kucha na udi ule unapita? Kina mama wote watageuka, watapanua mabuibui wajifukize, na machoni mwao nitakuwa mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Ukumbi ulijaa. Watoto mstarini, nguo nyeupe zimepigwa pasi. Walipofika "vidole katikati" nikaingia, chetezo kimefuka hadi mimi mwenyewe sioni mbele. Vichwa vikaanza kugeuka. Utamu ulioje!

Nabeel akaniona. Akapiga ukelele: moshi!

Mstari mzima ukaanguka chini. Wakatambaa chini ya viti, baina ya miguu ya mama zao, nao kina mama na mabuibui yao wakawafuata. Nyanya yake Nabeel, Bi Hajrabai, akamwambia huu ni udi tu, mwanangu, inuka. Akamjibu kutoka chini ya kiti: moshi ni moshi, nyanya, inama na wewe. Na Bi Hajrabai, na magoti yake yale, akainama!

Wote wakafika mfereji. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyerudi kuchukua kiatu. Nikabaki peke yangu ukumbini na chetezo changu.

Huko uani mikono na magoti vyeusi tii. Sumeiya akafungua mfereji, akaanza wimbo upya. Kina mama wakajazana mlangoni, wakapiga vigelegele. Mmoja akasema hajaona onyesho lililopangwa hivi: kwanza moto, kisha usafi! Mwalimu Afaf akamkumbatia Sumeiya. Sumeiya akajaribu kusema moto ni kazi ya Hussaina. Vigelegele vikamzima.

Hata wema wake wanikera.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekutana na Nabeel na nyanya yake dukani. Akajificha nyuma ya rida ya nyanyake, lile vazi lake la rangi, akanionyesha kidole. Nyanya, huyo! Mwalimu Moto!

Bi Hajrabai akamkaripia, akaniomba radhi. Nikamwambia amwache, amwache kabisa, aseme tena. Akasema tena. Mwalimu! Nimerudi nyumbani sihisi ardhi.

Jioni Sumeiya akaja na sahani ya mahamri kutoka kwa mamake. Asema wiki hii somo ni kuvuka barabara. Yeye kapewa filimbi na fulana ya manjano. Mimi nitakuwa gari. Gari la boksi! Nisimame filimbi ikilia, watoto wavuke.

Nikatabasamu, nikala mahamri matatu. Nimefikiri sana. Gari lina haki ya kuwa na honi. Ami Qaidjohar, nduguye Baba, ana malori Shimanzi, na najua anapoweka honi za zamani.

Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwake.