Udongo Safi wa Mbalibali

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekaa na Athanas, dereva wa chuo, nje ya gesti hapa Bomani, Tarime, tukimsubiri bosi wake, Dokta Veronika. Akanionyesha jarida la chuo. Ukurasa mzima: mafanikio ya wahadhiri na watumishi. Dokta ana tuzo. Sawa, ni Dokta. Ila chini kabisa, picha ya Athanas! Alibeba chupa za maji ya mto miezi miwili, wakamwandika kwenye makala. Jina la nne. Dereva! Na mimi nina kitabu cha miamba kisicho na jalada, nimekisoma mara tatu.

Jioni Dokta akatuita vibarua wake wawili, mimi na Hamim. Anachunguza zebaki ya wachimbaji inavyoingia kwenye udongo. Akasema atakayefanya kazi kwa umakini, jina lake litaingia kwenye makala. Mmoja tu.

Hamim ana cheti cha kidato cha nne. Mimi nina akili.

Jumanne, 5 Machi

Nimeonewa. Hamim katumwa mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, alete udongo wenye zebaki. Mimi nimetumwa Mbalibali, Serengeti huko, kwenye shamba la mihogo la Mzee Machage. Nilete udongo usio na kitu! Eti wa kulinganishia. Hamim akaniaga kwa heshima zote: "Profesa wa mihogo, safari njema."

Nikamwamkia mzee, shikamoo tata. Akanipa kiti na chai. Akauliza kama chuo kimeishiwa udongo wake. Nimerudi na mifuko minne. Nimeichungulia yote. Udongo mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nani alishapewa tuzo kwa kuleta hamna?

Ninacho kipande changu cha dhahabu nilichopata mwaloni. Hakijachomwa bado, kimeshikana na zebaki ya kuoshea, laini, unakifinya kwa kidole. Kidogo kama punje ya mtama. Ndiyo akiba yangu yote duniani. Nimekimegamega kwenye mfuko wa tatu. Nikautikisa vizuri.

Umakini!

Alhamisi, 7 Machi

Dokta ana kipimo kama bunduki. Anakielekeza kwenye mfuko, kinatoa namba. Mfuko wa kwanza: hamna kitu. Akatabasamu, sijui kwa nini. Wa pili: hamna. Akatabasamu tena. Mimi jasho linanitoka. Wa tatu: akavua miwani. Akapima upya. Akapima tena. Akaniuliza nilichimba wapi hasa. Nikasema shina la saba, mkono wa kulia. Akaandika, hakusema hongera. Nikajua furaha imemzidi.

Hamim alikuwa nyuma yake. Aliona neno dhahabu kwenye kioo cha kipimo, na namba yake. Akasema anaenda kununua vocha. Hakurudi.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi Athanas anasema pikipiki zote za Tarime zimeelekea Mbalibali tangu alfajiri. Tukaondoka mbio, na Dokta. Tumefika, mihogo imelala chini. Watu kama mia mbili wanachimba, wengine wameshagawana maduara, mashimo ya kuchimbia, na kupiga vigingi. Mzee Machage kasimama mlangoni na panga. Wanawe wanne nyuma yake, kila mmoja na lake. Hakunifokea. Alisema tu, "Mura, kijana wangu, chai yangu ilikukosea nini?"

Nikajificha nyuma ya Athanas.

Dokta akanirudisha ndani ya gari, akafunga mlango. Akaongea polepole. "Mogesi, kipimo kilisoma vitu viwili. Dhahabu ya Mungu haizaliwi na zebaki ndani yake. Umeitoa wapi?"

Nikasema. Yote. Akasema jina langu kwenye makala limeshakufa, sasa nikawaambie wale watu kabla mtu hajafa.

Nikapanda juu ya kichuguu. Nikakiri kwa sauti: nimeiweka mimi, hapa hakuna kitu. Mmoja akasema, "Huyo anataka abaki nayo peke yake."

Wakachimba mara mbili ya mwanzo! Kijana mkubwa wa mzee akapiga hatua kuwaelekea, panga limeinuka.

Dokta hakukimbia. Alitoa mfuko wa tatu garini, akamwaga udongo kwenye karai, akauosha pale pale, akamwita mchimbaji mmoja mwenye mvi. Yule akaipekecha ile dhahabu kwa kidole gumba, akaitazama juani. "Hii imeshapita mwaloni," akasema. "Jamani, tumechezewa na mtoto."

Yeye walimwamini. Wakaondoka, kila mmoja akinipitia na tusi lake. Mengine sijawahi kuyasikia, na mimi ni Mkurya.

Jumamosi, 9 Machi

Hukumu ya mzee: nifukie mashimo yote. Themanini na moja. Chai leo hakuna.

Mchana gari la chuo likaja. Dokta kamtuma Hamim achukue udongo upya. Kaubeba kama mayai. Akanipa pole, na meno yote nje.

Nimefika shimo la kumi na tisa.

Alhamisi, 5 Septemba

Athanas kanitumia jarida jipya la chuo kwenye simu, na makala ya Dokta. Hamim yupo. Jina la tatu, na picha, kavaa tai. Roho iliniuma mpaka nikafungua makala yenyewe, nikaisoma kwa kamusi siku nzima.

Ukurasa wa sita! Msaidizi mmoja wa Dokta aliongeza dhahabu kwenye sampuli. Ni mimi! Mistari kumi na moja, peke yangu. Dokta anawaonya watafiti wenzake wajihadhari. Watafiti wa dunia nzima! Hamim hana hata mstari, ana jina tu.

Kijiweni hawaamini kwamba ni mimi. Wivu.

Wiki ijayo profesa wa mifugo anakuja Kenyamonta. Anatafuta kijana wa kumsaidia kukusanya damu ya ng'ombe wazima. Wazima! Maskini, atapata tuzo gani kwa ng'ombe wazima? Nimeshaongea na jirani mwenye dume linalokohoa.