Hasira za Kukodi

Mjini kuna wanaouza nyanya, kuna wanaouza viwanja visivyo vyao, na kulikuwa na Upande wa Pili, aliyeuza maoni ya wananchi. Jina hilo walimpa watangazaji, maana kila alipokaribishwa redioni kuchambua jambo, hakumaliza sentensi mbili bila kusema, "Lakini tuutazame upande wa pili." Kisima cha kijiji kilipogunduliwa ndani ya ua wa waziri, nchi nzima ilichachamaa. Upande wa Pili akautazama upande wa pili, akakuta kwamba hata ndani ya ua wa waziri kuna binadamu wenye kiu. Kesho yake waziri akamtumia gari la kumshukuru. Lilimshukuru kwa safari moja, kisha likarudi kwa mwenyewe.

Asubuhi moja alikuwa mbele ya benki akisubiri kuvuka barabara, akaliona tangazo jipya la sabuni kwenye skrini kubwa ya pale juu. Msichana mweusi, kanuna, anaingia bafuni. Povu jingi. Anatoka msichana mwingine kabisa, mweupe, anacheka hadi magego yanaonekana. Maandishi yakapita chini yake: SASA UNAONEKANA!

Watu walitazama. Mmoja akasonya, mwingine akatikisa kichwa, wote wakavuka wakaenda zao. Upande wa Pili alibaki pale pale, taa zikabadilika mara mbili hajavuka, roho inamuuma kama ya mama anayeona maziwa yakimwagika. Hasira yote ile, na hakuna wa kuikinga!

Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha saluni ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Humo, kati ya ndoo na mashine mbovu ya kukaushia nywele, palikuwa na simu kadhaa na wafanyakazi wawili: Shangazi mwenyewe, na Fundi, mshona nguo wa mlango wa pili. Redio ilipofungua simu, Shangazi akiweka leso mdomoni alikuwa mwalimu mstaafu. Akiongea mbiombio, mama wa mapacha. Akibana pua, mwanafunzi wa chuo. Fundi alikuwa mchungaji na dereva wa lori, na siku akiwa na mafua, mzee wa kijijini. Ewe msomaji uliyewahi kubishana na mwalimu mstaafu wa redioni ukiwa jikoni kwako, pole sana. Ulikuwa ukibishana na mtu mwenye kitana mkononi na kichwa cha mteja magotini.

"Kwanza tunauwasha moto," Upande wa Pili aliwaeleza, "halafu tunauza maji."

"Tunamuuzia nani?" Fundi akauliza.

"Mwenye nyumba inayoungua. Mwingine atayanunua ya nini?"

Wiki ile walipiga simu hadi masikio yakawa ya moto. Mwalimu mstaafu alilaani, mchungaji alikemea, mama wa mapacha alilia mara mbili, kila pacha na kilio chake. Nchi ikawaka. Mbunge mmoja alibubujikwa na machozi mbele ya kamera, kisha akauliza pembeni tangazo lenyewe linahusu nini. Kwenye televisheni, wanaume wanne wenye tai walijadili kwa kina mwanamke mweusi anajisikiaje, wakakubaliana. Mwandishi mmoja maarufu akaandika kwamba kwetu hakuna ubaguzi wa rangi kwa kuwa sote ni weusi. Picha yake juu ya makala hiyo ilikuwa imeng'arishwa kiasi kwamba mama mzazi angempita njiani. Ndivyo taifa linavyofikiri, Mungu atusaidie.

Moto ulipokolea, Upande wa Pili akavaa koti lake na kwenda kumwona mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni.

"Wananchi wamekasirika, Mkurugenzi."

"Nimewasikia. Hasa yule mwalimu mstaafu. Mwanamke yule ana ulimi wa pilipili!"

"Huyo ndiye kiongozi wao. Ila mimi ninaijua njia ya kufika moyoni mwake."

"Kwani unamfahamu?"

"Nimeisoma sauti yake tu. Ndiyo kazi yetu wachambuzi."

Mkurugenzi akasogeza kiti. "Lakini radhi siombi. Tangazo lile nimelitunga mwenyewe."

"Nani kataja radhi? Utasikitika tu, kwa jumla. Kusikitika hakudhuru mtu."

Wakaelewana hivi. Kutakuwa na kipindi kimoja cha moja kwa moja, mkurugenzi akiwa studio na Upande wa Pili akikiongoza. Atasikitika kwa jumla, wananchi watapiga simu kumsamehe. Wakisamehe, kiwanda kitadhamini kipindi cha kila asubuhi, na mtangazaji wake atakuwa Upande wa Pili mwenyewe. Hicho ndicho alichokililia miaka yote. Alikuwa amechoka kuwa mgeni anayekatwa kauli kupisha taarifa ya habari, anayeshukuriwa huku anaoneshwa mlango. Alitaka saa nzima yake, na wimbo wa kufungulia wenye jina lake. Alikitaka kipindi hicho hadi akawa anakitangaza bafuni.

Akarudi saluni na hotuba za msamaha. Shangazi akaichukua yake, akasimama mbele ya kioo. "Mimi mwalimu mstaafu nimelitazama tena lile tangazo," akasoma, "nikacheka. Tusiwe wepesi wa kuudhika." Akaisoma tena kimoyomoyo.

"Baba," akasema, "hapa pa kucheka, nicheke kweli?"

"Kidogo tu, Shangazi. Kicheko cha mtu mzima."

"Haya." Akaikunja karatasi na kuipachika kifuani. Akamtazama Fundi, Fundi akamtazama yeye. Upande wa Pili, msomaji wa mioyo ya taifa zima, alikuwa anachana ndevu.

Siku ikafika. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia hadi ukutani. Mwenye redio alisimama nyuma ya kioo, mkurugenzi akaketi mbele ya kipaza sauti, akasikitika kwa jumla. Alisikitika vizuri sana, hata Upande wa Pili akasikitika naye.

"Sasa tuwasikie wananchi," akasema kwa sauti ya asali. "Haloo, mchungaji, karibu."

"Asante," ikajibu sauti ya Fundi. "Nimekesha nikiomba nipewe moyo wa kumsamehe huyu bwana."

"Amina! Na umepewa?"

"Nimeambiwa nisubiri."

Mkurugenzi akageuza shingo. Upande wa Pili akacheka kicheko kikavu, akabonyeza simu iliyofuata haraka haraka. Alikuwa mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzima, una hekima. Hebu mtulize mwenzetu."

"Siku ya harusi yangu," mwalimu akaanza, "mpiga picha aliniambia, 'Bibi harusi, cheka, tuone meno, maana vingine havionekani.' Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka." Hapo sauti ya mwalimu ikadondoka, ikabaki ya Shangazi, ya kila siku. "Nimekicheka kichekesho hicho hadi leo. Nimekichekea sokoni, nimekichekea hospitali, nimekichekea mbele ya wateja wanaoniomba dawa ya kujichubua. Sasa na sabuni nayo inaniambia sionekani. Sicheki tena. Nimeumia, na nataka huyo bwana ajue nimeumia."

Hiyo haikuwamo kwenye karatasi. Upande wa Pili alikurupuka. "Wasikilizaji, msimwamini! Huyu si mwalimu!"

"Umejuaje?" akauliza mkurugenzi.

Ndugu zangu, yako maswali mepesi yanayoweza kumtoa mtu jasho ndani ya kiyoyozi. Akisema amejuaje, amejisema. Upande wa Pili akautazama upande wa pili, na kwa mara ya kwanza akakuta haupo.

Ikabidi abonyeze simu nyingine. Mwanamke aliongea, kwa hasira iliyotulia, kuhusu binti yake na shule. Upande wa Pili akatega sikio atambue ni Shangazi yupi huyu. Hakumtambua. Akabonyeza nyingine: mwanamume, analia. Huyu naye hakumjua. Taa za simu zikawaka zote, zikawa zinangoja zamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kukutana na wananchi.

Kabla kipindi hakijaisha mkurugenzi alikuwa ameomba radhi mara tatu, bila jumla yoyote, na kuahidi kulishusha tangazo siku hiyo hiyo. Aliondoka bila kuaga. Mwenye redio akaingia mbio, macho yanang'aa.

"Kaka, sijawahi kupata simu nyingi hivi! Nataka kuanzisha kipindi cha kila asubuhi."

"Nilijua utaniona," akasema Upande wa Pili, na uhai ukamrudia.

"Nimpe yule mama. Unaweza kunitafutia?"

Alifika saluni anahema. Shangazi alikuwa anasuka.

"Nani kakununua? Kiwanda kingine? Nitajie tu, nisife na kihoro."

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Hakuna anayekasirika bure, Shangazi!"

"Mimi nimekasirika kwa mtaji wangu mwenyewe," akasema, akaendelea na kichwa cha watu.

Mwenye redio aliifuata namba ya simu hadi akampata; Jumatatu Shangazi alikianza kipindi, na Fundi akawa mpokea simu wake. Upande wa Pili alibaki peke yake chumba cha nyuma, redio mbele yake. "Leo," ikasema sauti ya Shangazi, "tuwajadili wanaokodisha hasira za wananchi. Simu ziko wazi."

Akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Alikuwa na ya kusema! Yalimjaa kifuani, ya kweli, yake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Akapiga, akaambiwa laini zote zinatumika. Akapiga tena na tena hadi kidole kikauma. Hatimaye ikaingia.

"Haloo, karibu. Tunaongea na nani?"

"Mimi..." akasema, akatafuta, akakosa pa kuanzia. "Mimi ni mwananchi wa kawaida."

"Wote husema hivyo, baba," akasema Shangazi, akachukua simu nyingine.