Mama Mkwe Yumo Chooni

Jumatatu, 6 Machi 1978
Bwana Afya Piusi kapita hotelini kwangu. Habari ni kipindupindu tu. Karatu nzima, mwenye biashara asiye na choo kufikia Ijumaa atafungiwa. Mimi bila chai na maandazi nitakula nini? Nikashika sururu. Mwamba mtupu! Inosenti, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, kauliza kama natafuta madini. Mshenzi.

Jumanne, 7 Machi
Nimepata akili. Kibanda! Miti, udongo, bati, mlango, kufuli. Shimo la nini? Nani atachungulia? Mke wangu Cresensia kauliza shimo liko wapi. Nimemwambia mambo ya ufundi asiyaingilie.

Ijumaa, 10 Machi
Piusi kakisifu kibanda. Kisha akataka ufunguo! Nikasema mama mkwe yumo ndani, tumbo la kuhara linamsumbua. Kwetu hapa nani atasogelea choo alimo mkwe? Piusi kaondoka mbio. Nimeshinda!

Jumamosi, 11 Machi
Sielewi. Piusi kaifunga hoteli. Eti nina mgonjwa wa kipindupindu! Wateja wote wamehamia kwa Inosenti, hata vikombe vimemwishia. Mimi nilisema tumbo tu.

Jumapili, 12 Machi
Lori limeshusha ukoo mzima wa mke wangu kutoka Endamarariek, vilio juu. Wamesikia mama anafia chooni kwangu. Aliyetangulia kushuka ni mama mkwe mwenyewe, kaja kuona nani anakufa kwa jina lake! Safari ilikuwa ndefu, kamwomba Cresensia ufunguo. Ningemwambiaje hakina shimo? Mtu na mkwe wake hawazungumzii choo. Nikatazama milima. Alitoka, akawaambia wajomba wa Cresensia washike majembe.

Jumatano, 15 Machi
Wajomba wamechimba shimo nyuma ya jiko. Udongo laini kabisa, ajabu. Wamehamishia kibanda changu juu yake. Piusi kamwona mama mkwe mzima, hoteli ikafunguliwa. Lakini choo kakizindua mama mkwe, na anakaa hadi Pasaka! Kwa mila zetu mtu haingii choo cha mkwe wake, mimi nikiingie vipi? Leo Piusi kanikuta nimechuchumaa kwenye mahindi ya Inosenti. Aibu! Kanipa hadi Jumatatu niwe na choo changu.

Hakuna shida. Kibanda, mlango, kufuli. Akitaka ufunguo, nitasema baba mkwe yumo ndani.

Cresensia anasema baba yake alifariki mwaka juzi. Vizuri, huyo hatakuja na lori kuomba ufunguo.