Machozi ya Chupa Kwenye Kilio cha Mboko

Leo nimerudi mjini kwetu Baraka bila uso. Uso wangu nimeuacha kijijini Mboko, kwenye kilio, mbele ya ukoo mzima wa Riziki. Atakayepita huko kesho aniokotee.

Kwa wasiojua: Riziki ndiye msichana ninayetaka kumuoa. Babu yake, Koko Mmunga, alifariki juzi kwa uzee tu. (Ndiyo, hapa kwetu bado kuna watu wanaokufa kwa uzee, na tunawapa heshima zote kwa hilo.) Mahari sijapeleka. Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonekana mbele ya ukoo, na mkwe mtarajiwa kwenye kilio chao ana kazi moja: kulia. Anaanza kulia mwanzoni mwa kijiji. Akifika uani, shangazi wa msichana anampokea na kumfuta uso kwa kitenge. Kitenge kikilowa, anapewa kiti.

"Kisipolowa?" nilimuuliza Riziki kwenye simu.

"We lia tu," akasema, akakata simu.

Sasa sikieni tatizo langu. Mnaikumbuka miwani yangu, ile nene kama kitako cha chupa. Tulipokimbia vita mara ya mwisho ilianguka mlangoni, nami nikakimbia bila kuona. Nilikimbia vizuri sana! Ila nilikimbilia kule risasi zilikotoka. (Aliyeniokoa ni mbuzi wa jirani. Nilimsikia analia akielekea upande mwingine, nikaona huyu ana akili kunishinda, nikamfuata.) Siku hiyo niliapa kuachana na miwani. Njia ilipofunguka nilikwenda Bujumbura wakanirekebisha macho kwa leza. Sasa nikisimama hapa ufukweni mwa ziwa naona mitumbwi ya watu wa Ubwari ng'ambo.

Lakini leza imeniachia ukavu. Daktari alinieleza, nami nilimuuliza maswali hadi akaanza kuangalia saa. Wanafungua utando mwembamba mbele ya jicho, na katika kufungua wanakata vimishipa vinavyoiambia tezi ya machozi, "Huku kumekauka, lete maji." Vikikatwa, jicho linakauka na tezi haina habari. Vinaota tena, lakini polepole, miezi kadhaa. Mpaka hapo unaishi kwa matone ya chupa.

"Na kulia je?" nilimuuliza.

"Ukiwa na huzuni utalia. Machozi ya huzuni yana njia yao."

Juzi, msiba ulipotokea, nikayakumbuka maneno hayo, nikaingiwa na wasiwasi. Koko Mmunga nilimwona mara moja tu maishani, na siku hiyo alikuwa amelala.

Kwa hiyo nikapanga kisomi. Nilikuwa na chupa moja ya matone, ya mwisho. Tangu vita visogee upande wa Uvira, dawa hazishuki huku. Niliificha kwenye soksi. Mpango: tukikaribia Mboko, nitajitilia matone ya kutosha, niingie nikitiririka. Nani ataumia? Machozi ni maji na chumvi. Nani alisema lazima yatengenezwe na mwenyewe?

Nikapanda pikipiki ya rafiki yangu Amisi, nikavaa miwani nyeusi ya kuzuia upepo, tukaondoka.

Katikati ya njia tukakuta bariere: kamba, jiwe, na vijana wenye bunduki. Si jeshi. Hawa ni wanamgambo wa kwetu, wanaonyunyiziwa maji ya dawa kabla ya kwenda kupigana ili risasi zigeuke matone ya mvua. Mnajua maoni yangu kuhusu maji hayo. (Chuoni nilibishana habari hizo hadi marafiki wakawa wananikwepa kantini.)

Wakatupekua. Wakafika kwenye soksi.

"Komanda! Huyu iko na mayi!"

Komanda akaja. Mtu mfupi, macho mekundu kwa vumbi na moshi wa jiko lao. Akaishika chupa kwa vidole viwili, kama yai.

"Hii ni mayi ya nani?"

"Ni dawa ya macho, mukubwa."

"Na risasi inafanya nini kwa hii?"

"Haifanyi kitu. Hakuna maji yanayozuia risasi, mukubwa. Mumeshayajaribu kwa ..."

Amisi alinifinya mgongoni hadi sentensi ikafa.

"Asamehewe, Komanda," Amisi akasema. "Alisoma sana."

"Kama si ya risasi, sababu gani anaficha mu soksi?"

Swali zuri. Nikamweleza yote: leza, utando, vimishipa, tezi. Nilichora hata jicho kwenye vumbi kwa kijiti. Vijana wakainama kutazama, bunduki mgongoni, kama darasa la jioni.

"Kwa hiyo," Komanda akasema taratibu, "unaweka hii, macho inatoka mayi."

"Ndiyo."

"Hata kama haiko na huzuni."

"Ndiyo, mukubwa."

Akafikiri. "Munaenda wapi?"

"Mboko. Ku kilio ya Koko Mmunga."

"Mzee Mmunga? Ule alinifundisha kutega wavu!" Akatufungulia kamba mwenyewe. "Mupite. Pole sana." Kisha akaitia chupa yangu mfukoni. "Hii inabaki. Tutachunguza."

Mtu aliyebeba bunduki akikuambia atachunguza, unasema asante. Nikasema asante.

Njia iliyobaki nilijaribu kila kitu. Nilivua miwani nikakodoa macho kwenye upepo: vumbi likaingia, machozi hayakutoka. Nikafikiria vita: hasira tu. Nikafikiria kazi niliyoomba nikakosa: nikacheka.

"Fikiria Riziki anaolewa na mwingine," Amisi akanishauri.

Nikafikiria. Nikamtukana huyo mwingine kwa sauti. Macho, hakuna.

Mboko ikafika. Nikashuka, nikarudisha miwani machoni, nikaanza. "Yooo, Koko wee! Umetuachia nani, Koko!" Sauti, jamani, ilikuwa nzuri! Kuku walikimbia. Watoto walitoka kunitazama.

"Radi iko," Amisi akaninong'oneza. "Mvua sioni."

Uani walikuwa wamejaa. Tantine Feza, shangazi yake Riziki, akasimama. Ni mama mwenye mikono ya mtu aliyetwanga mihogo maisha yake yote. Akanivua miwani nyeusi. Akanishika kidevu. Akanifuta shavu la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akakiinua kitenge juu ili kila mtu aone.

Kilikuwa kikavu. Katikati kulikuwa na alama ya uso wangu, nyekundu, ya vumbi la barabara.

"Vumbi!" akasema Tantine. "Bamama, mumeona? Mukwe ametuletea vumbi!"

"Tantine, ni leza ..."

"Leza ni nani? Naye amekufa?"

Riziki alikuwa pembeni na bamama, wanawake wa ukoo. Alijifunika uso kwa leso. (Baadaye aliniambia alikuwa anaona aibu. Mabega yalionyesha kicheko.) Kiti hakikuja. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, na wajomba wakaanza kusemezana kwa Kibembe, polepole, huku wakinitazama. Nikaona mahari yangu inakataliwa hata kabla haijapelekwa.

Wakati huohuo, kilio kikubwa kikasikika barabarani. Komanda! Pamoja na vijana wake, bunduki zimeinamishwa chini, nyuso zote zinametameta. Walikuwa wanatiririka! Tantine akamfuta Komanda, kitenge kikalowa. Akafuta kijana wa pili, wa tatu. Kitenge kikawa cha kukamua.

"Angalia!" akanigeukia. "Batu ya bunduki banalia. Mutu ya kalamu anatuangalia tu!"

Nikamwomba Mungu (ambaye pia nina maswali kwake) Komanda asinione.

Akaniona.

"Docteur!" Akaja akanikumbatia. "Docteur wa machozi! Dawa yako ni kali kabisa! Tumeweka hapa tu, nyuma ya nyumba. Hawa vijana wangu wawili hawajalia tangu waingie msituni. Leo wamelia!" Akaitoa chupa mfukoni, akaiinua kwa ukoo wote. "Alikuwa anaileta huku, mu soksi!"

Shingo zote zikanigeukia, hata ya mtoto aliyekuwa analilia chakula.

"Mu soksi," Tantine akarudia. "Alikuwa anatuletea machozi mu soksi."

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka, ndani ya kundi la bamama. Ilikuwa ya mjane mwenyewe, bibi yake Riziki, Koko Nyassa.

"Hiyo chupa. Muilete."

Nikaipeleka mimi, nimeinama.

"Nimelia tangu juzi," akasema. "Yameisha. Watu wanakuja, ninalia na mdomo tu, macho inauma kama mchanga. Wee, weka."

Nikapiga magoti, nikamtilia tone moja, kisha lingine. Akafumba macho. Maji yakashuka taratibu kwenye makunyanzi yake, akapumua.

"Sasa Mmunga amepata kilio," akasema. Kisha akafumbua jicho moja. "Bwana yangu amekufa juzi, leo nimepata kijana anayenipigia magoti. Riziki, huyu nakunyang'anya!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bibi ana ruhusa ya kumtania mume wa mjukuu wake, hata siku ya kilio, na akitania hakuna wa kukunja uso. Kiti kikaja. Mashangazi wengine wakajipanga: "Na mimi, docteur! Na mimi yameisha!" Nikazunguka mikekani natia matone hadi chupa ikanyong'onyea. Tantine Feza alikuwa wa mwisho. Alikunja uso muda wote, lakini macho aliyafungua.

Tone la mwisho nikarudi nalo kwa Koko Nyassa. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba yake.

"Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama nimelala vizuri," aliniambia, mimi tu. "Ninamujibu, 'Macho yako haioni nimeamuka?' Kila asubuhi. Kesho nani ataniuliza?"

Na hapo, marafiki, daktari alikuwa amesema kweli. Machozi ya huzuni yana njia yao. Yalikuja bila kubisha hodi, ya moto, ya chumvi, hadi kwenye shati. Yangu mwenyewe! Nikageuka haraka kwa Tantine Feza, nikamletea uso.

"Tantine, angalia! Haya ni ya kweli!"

Akanitazama. Akatazama chupa mkononi mwangu. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Ya kweli! Bamama, eti ya kweli! Umebakiza ngapi mu soksi ingine?"

Wajomba wamekubali mahari ije. Wameongeza sharti moja: chupa ya matone, ya Koko Nyassa. Mimi nimerudi macho makavu, bila tone, na barabara ya Uvira bado imefungwa. Kwa hiyo ninyi mnaocheka hapo, nimewaona. Chekeni hadi machozi yatoke. Mkingie kikombe, mnitumie.