Chatu Kwenye Gari la Opondo

"Mimi magari nayajua kuliko fundi yeyote wa Kisumu hii," Mama Nanyama alitangaza akimimina chai. "Kuliko wote. Isipokuwa yakiwa yanatembea. Na yakisimama pia, sijui huwa yamesimamishwa na nini."

Hakuna aliyebisha kwa sababu hakuna aliyesikiliza. Benchi zima la kibanda chake cha chai, hapo Nyalenda, lilikuwa limemkazia macho Robinson, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa ameshika simu mbali na uso, kama mtu anayenusa samaki asiyemwamini.

"Sikieni! Mzee mmoja huko Nakuru amefufua gari ya spoti. Ililala miaka kumi na tano kwa zizi la ng'ombe. Ameiwasha, akaiendesha mpaka Mombasa, na hakusukumwa hata mara moja!"

"Uongo," alisema Idd, fundi wa magari, jina la kazi Plagi. "Nakuru mpaka Mombasa, hata mimi mwenyewe lazima nisukumwe."

"Picha iko hapa, omera!"

"Picha hata mimi ninayo nimesimama na ndege."

Pembeni, Opondo aliweka kikombe chini taratibu. Huyu wanamwita Rali. Hajashindana na mtu maishani, ila nyuma ya kibanda kuna gari lake jekundu la spoti, milango miwili, vioo vyeusi, fupi kama mtu aliyechuchumaa. Halijasonga miaka tisa. Magurudumu yamelala chini kama chapati.

"Kama ya Nakuru imefufuka," alisema, "yangu imekosea nini?"

"Kuwa na wewe," alijibu Redio.

"Cheka tu. Jumamosi naenda nayo Pap Onditi kwa wakwe. Baba mkwe aliniambia kwenye matanga, mbele ya watu, ati sina gari, nina kaburi jekundu. Jumamosi Mzee Joram atanisikia nikiwa bado Ahero. Watu wa Sondu watadhani ni radi."

Chai ya Mama Nanyama ilijaa kikombe, ikajaa sahani, ikaendelea na safari.

Alikuwa na sababu. Mwezi wa nne kideri, ugonjwa wa kuku, kilipita Nyalenda kikafagia kuku wake kumi na sita, kikambakishia mmoja, jina lake Malkia. Malkia sasa alikuwa amelalia mayai kumi na moja, na mahali alipoyalalia ni kwenye kiti cha dereva cha gari hilohilo. Huingilia kioo kidogo cha nyuma kilichovunjika. Hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya kumi na nane. Mama Nanyama aliishia darasa la sita, lakini hesabu ya kuku haihitaji la saba: vifaranga ni Jumamosi asubuhi. Kuku akifukuzwa kabla ya hapo, mayai yatapoa, na ukoo wote utakwisha.

Kumwambia Opondo ukweli hakukuwezekana. Mwaka juzi alimkuta ameanika omena, dagaa wa ziwa, juu ya boneti, na Mama Nanyama akaapa mbele ya benchi lote kwamba hakuna kiumbe chake kitakachogusa tena gari hilo, kiwe hai au kikavu.

"Haraka ya nini?" alisema, akifuta meza isiyokuwa na uchafu. "Plagi, petroli ya miaka tisa si imekuwa siki?"

"Imekuwa gundi, Mama. Tunamwaga tangi yote. Kichujio kipya, oili mpya, betri mpya. Halafu natoa plagi, naweka oili kidogo kwa kila silinda, tunaacha ilowe. Ndiyo nizungushe injini kwa mkono, pole pole. Ukikurupuka na stata, unavunja kila kitu."

"Ilowe siku ngapi?"

"Moja."

"Nakuru waliacha nne."

"Redio, wameandika nne?"

"Hawajaandika."

"Hawajaandika kwa sababu kila mtu anajua," alisema Mama Nanyama.

Idd akainuka na kujipangusa. "Basi wacha nianze. Nafungua boneti."

"Mbona unaenda mlangoni? Boneti si iko mbele?"

"Cha kuivuta kiko ndani, Mama. Chini ya usukani."

Chini ya usukani. Yaani, kwa vipimo vya kuku, chini kidogo ya mdomo wa Malkia.

"Usifungue!" Mama Nanyama alisikia sauti yake ikisema. "Kuna nyoka."

Benchi lote likageuka.

"Nyoka gani?" aliuliza Opondo.

"Mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Unajua ile paipu ya maji pale kwa foleni ya mitungi? Hiyo ni mtoto wake."

"Ulimwona kichwa ama mkia?"

"Nilimwona katikati, mwanangu. Nilianza kusonga ugali akipita, nikaepua, bado ni katikati."

Idd, kijana wa mjini, alicheka. Akaufungua mlango upana wa vidole viwili. Kutoka gizani ikatoka sauti: *ssssss!* Yeyote aliyewahi kusogelea kuku aliyelalia mayai anaijua sauti hiyo. Lakini Idd amekulia Kaloleni, na kila alipokutana na kuku, kuku alikuwa tayari juu ya pilau. Aliufunga mlango, akarudi kwenye benchi, akanywa chai isiyokuwa yake.

"Astaghfirullah. Yuko."

"Si upepo wa gurudumu?" aliuliza Redio.

"Upepo wa hiyo gurudumu uliisha mwaka wa korona."

Opondo hakukimbia. Alisimama akavua kofia. Kwao ni Nyakach. "Mama, ana rangi gani?"

"Madoadoa."

"Amejikunja?"

"Amejikunja juu ya mayai." Kuhusu madoadoa na mayai hakuwa amedanganya hata neno.

"Yawa!" alisema Opondo kwa sauti ndogo. "Huyo ni Omieri."

Kando ya ziwa hili, chatu mkubwa akitokea, wazee humwita Omieri. Huja na mvua, huja na mavuno, na haguswi wala hatukanwi. Mama Nanyama alikuwa ameomba nyoka wa kawaida tu, wa siku tatu. Sasa alikuwa amepewa mtakatifu.

"Ameingia kwa gari?" aliuliza Redio. "Kweli maisha yamepanda, hata baraka siku hizi zinataka usafiri."

"Amepita pikapu za matajiri wote," Opondo alisema, kifua kikipanda, "akachagua yangu."

Kufika Alhamisi mchana njia ilikuwa imejaa watu. Bibi mmoja alitoka Dunga na maziwa. Mwingine alileta kuku mzima, ili Omieri asilale njaa.

"Mpe Mama Nanyama," walimwelekeza. "Ndiye anayeongea naye."

Mama Nanyama alipokea akiwa ameinamisha kichwa. Hadi Ijumaa jioni Omieri alikuwa amekula kuku wanne, na wote wanne walikuwa nyumbani kwa Mama Nanyama, wakichakura pumba na afya yao nzuri.

Idd naye hakulala. Alipitisha waya uliopindwa kwenye matundu ya mbele, akaikamata kamba ya boneti na bismillah tatu. Akalala chini, akamwaga petroli nyeusi iliyonuka rangi ya kucha. Akalowesha silinda, akabadilisha plagi, akazungusha injini kwa spana mpaka ikalainika. Alikuwa akifanya kazi shingo upande, jicho moja kwenye injini na jingine kwenye kioo.

"Inazunguka," aliripoti Ijumaa. "Imekubali. Nitaiwasha kutoka hapa mbele, kwa waya. Ndani siingii."

"Basi siendi tena Pap Onditi," alisema Opondo. "Pap Onditi ndiyo inakuja hapa. Nimempigia mzee simu."

Mama Nanyama alilala vibaya.

Jumamosi alikuwa kibandani kabla ya majivu kuamka. Akaweka sikio kwenye kioo. Ndani kulikuwa na sauti ndogo: *pii, pii, pii*. Alishukuru Mungu kwa haraka, kisha akaanza kuimba tenzi za kanisani kwa sauti ya juu ili mtu asisikie. Aliimba saa mbili mfululizo. Alipofika Mzee Joram, akiwa na fimbo, suti ya kahawia na jamaa saba nyuma yake, sauti yake ilikuwa imebaki mistari miwili tu, kama betri ya simu.

"Omieri ameniambia amechoka," alisema kwa mkwaruzo. "Anataka watu waende nyumbani."

"Amekutumia meseji?" aliuliza Redio.

"Plagi, washa," alisema Opondo.

Idd akagusanisha waya. Gari likakohoa. Likapiga chafya, likatoa moshi mweusi na unyoya mmoja, likazima. Akagusanisha tena. Mara hii lilinguruma, likatetemeka, likashika sauti, na mabati ya kibanda yakaitikia. Watu walipiga vigelegele. Opondo alifuta jicho, akasema ni moshi.

Mzee Joram alilisikiliza gari muda mrefu. "Kaburi limepumua," alikubali. "Sasa nioneshwe mwenyewe." Akaelekea mlangoni.

"Baba, usifungue!"

"Nina miaka themanini na tatu. Akinimeza, atanitafuna wiki nzima."

Akavuta mlango. Umati ukarudi nyuma hatua kumi, Idd kumi na tano, akiwa na waya mkononi, na gari likazima.

Katika kimya hicho akashuka Malkia, manyoya yamesimama kwa hasira. Nyuma yake vikadondoka vifaranga, kimoja kimoja, tisa.

"Omieri ana miguu," alisema Redio.

"Alimmeza," alisema Mama Nanyama. "Leo amemtapika."

"Na vifaranga?"

"Chakula kimekaa tumboni muda mrefu, kijana. Mambo hutokea."

Opondo alimtazama. "Mama Nanyama, kuku ni wa nani?"

"Mimi? Huyu kuku simjui. Ndiyo namwona leo."

Malkia alipita katikati ya miguu ya watu wote, akafika kwa Mama Nanyama, akakaa juu ya kiatu chake. Vifaranga vikaingia chini.

"Kuku wa siku hizi hawana haya," alisema Mama Nanyama, bila kusogeza mguu.

Mzee Joram aliinama juu ya fimbo yake. "Huyu amefungwa kitambaa mguuni, vile wanawake wanafunga kuku wasichanganyike na wa jirani. Na kina maandishi. Nani ana macho hapa?"

Redio alipiga magoti, akakigeuza kitambaa. "Kimeandikwa 'FUPI'."

Kisha macho yote yakapanda pole pole kwenye leso aliyojifunga Mama Nanyama kiunoni, leso ya rangi ileile, yenye pembe iliyochanwa. Alijaribu kugeuka, lakini nyuma kulikuwa na benchi. Redio akasimama, akashika simu yake mbali na uso kwa mazoea, kisha akaiweka mfukoni na kuisoma leso kwa sauti yake ya habari:

"'NJIA YA MWONGO NI...'" Akakohoa. "Hapo imekatika."