Mshenga Festo na Bia Chungu ya Ipole

Tabora nzima hakuna mnywaji kama Festo! Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema kila jioni kwenye baa iliyo karibu na stesheni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika chupa ya kahawia.

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara," alikuwa akianza, na wenzake wanaanza kutafuta pa kukimbilia. "Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji hakuna kijiji alichopita bila kuonja pombe yake. Ulimi huu ni wa kurithi! Nifunge macho, niletee pombe yoyote, nitakwambia kaipika nani, na siku hiyo alikuwa amegombana na mumewe au la!"

Basi mpwa wake Wilbroad alipopata mchumba kijijini Ipole, ukoo mzima ukakubaliana kuwa mshenga awe Festo. Maneno anayo. Na binti mwenyewe, Apolinaria, kazi yake ni kupika bia katika kiwanda kidogo kule Arusha, zile bia za kisasa zinazopikwa kidogokidogo na kuuzwa kwa watalii. Nani mwingine angeelewana na nyumba hiyo?

"Mjomba, nakuomba kitu kimoja," Wilbroad alimwambia ndani ya basi. "Baba yake, Mzee Lugembe, ni Mmoraviani kindakindaki, pombe kwa kanisa lake ni dhambi. Ameshakataa posa mbili kwa sababu ya ulevi. Na yangu akiikataa, Apolinaria akienda Arusha harudi tena huku. Tafadhali, usijisifu."

"Mimi? Nijisifu?" Festo aliuliza kwa sauti iliyowaamsha abiria. "Mtu mwenye sifa zake ana haja gani ya kujisifu?"

Kwa Mzee Lugembe walipokelewa vizuri. Shikamoo zikaitikiwa, viti vikaletwa. Mzee mwenyewe, mfuga nyuki mrefu asiyecheka ovyo, aliketi mbele yao. Mama yake mzazi, bibi kizee, alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga, wala hakuwatazama.

"Wageni mtatumia nini?" Lugembe aliuliza. "Chai ya asali ipo."

Hapo Festo alitakiwa kusema "chai". Neno lenyewe fupi, halina hata kona. Mdomo ukagoma!

"Mzee wangu, nyumba yenye mpishi wa bia mnanikaribisha chai? Mimi naomba ya binti. Ile kali kuliko zote!"

Wilbroad akamkanyaga mguu, lakini maji yalishamwagika.

"Sisi hatunywi," Lugembe akasema taratibu. "Binti yangu anapika tu. Mwenye duka la sanda si lazima awe maiti. Lakini mgeni hanyimwi."

Apolinaria akaingia, akapiga goti, akaweka glasi mbele ya Festo. "Shikamoo, baba. Hii nimeipika kwa asali yetu ya hapa, na nimetia maua ya hopsi mengi kuliko kawaida. Ina nguvu kidogo." Kisha akatoka, maana siku ya posa binti haketi na wageni.

Sasa ngoja niwaibie siri, lakini msinitaje. Festo hakuwahi kunywa bia maishani mwake! Ujanani aliambiwa ana vidonda vya tumbo, na aibu ya kukaa baa na soda ikamshinda. Ile chupa ya kahawia, Agnetha, mhudumu wa pale baa, alikuwa anamjazia soda ya tangawizi. Tangawizi ikimkereketa, Festo anakunja uso, watu wanasema, "Mzee, hiyo imekamata!"

Kwa hiyo shujaa wetu aliinua glasi bila kujua anachokwenda kukutana nacho. Harufu ilikuwa nzuri, ya maua na machungwa. Akapiga funda moja kubwa.

Mama yangu! Mwarobaini! Wala si ule wa kuchemsha, huu ulikuwa mti mzima na mizizi yake! Uchungu ulishuka kooni, ukafika tumboni, kisha ukapanda tena kuangalia kama kuna mahali umeparuka. Machozi yakamtoka.

Ndipo akakumbuka jambo la kutisha. Tangu zamani, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kutoa sumu. Je, hapa nani ameonja? Hakuna! Festo akajumlisha mambo. Baba hapendi posa. Baba hakuonja. Kinywaji ni chungu kama nyongo. Wamemtilia sumu!

Ateme? Kutema kinywaji cha wakwe ni kumtema binti wao. Aseme kuwa ni chungu? Na ulimi wa mpagazi auweke wapi?

"Vipi, iko sawa?" Lugembe aliuliza.

"Nzuri," Festo alijibu kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. "Nimeshakunywa kali kuliko hii."

"Basi malizia, ndugu yangu."

Malizia! Jamani, muuaji hana hata haya! Festo alimtazama Wilbroad, kijana aliyemlea tangu anatambaa, roho ikamuuma. Potelea mbali. Akafumba macho akapiga funda la pili, na la tatu, kwa ajili ya mpwa wake.

Bia ile ilikuwa kali kweli, na tumboni hamkuwa na kitu tangu asubuhi. Masikio yakaanza kuvuma. Bati la nyumba likasogea, likarudi. Miguu ikamuaga. Dalili zote! Festo akateleza kutoka kitini hadi kwenye mkeka wa bibi, juu ya maganda ya karanga.

"Wilbroad," akaita, "sogea, mwanangu. Mimi ndiyo naenda."

"Unaenda wapi, Mjomba?"

"Ahera! Usilie. Baiskeli mpe shangazi yako. Suti hii msinizike nayo, ni ya kuazima. Na pale baa uwaambie ukweli, siwezi kufika mbele za Mungu na mzigo huu. Sijawahi kunywa bia! Hata moja! Ni soda ya tangawizi, muulizeni Agnetha! Na babu wa babu yangu hakwenda Bagamoyo wala Ujiji. Hata hapo jirani Kigwa hakufika! Mzee Lugembe, sumu yako nimekusamehe, ila binti mpe kijana."

"Sumu?" Lugembe aliruka. "Apolinaria! Umemwekea nini mgeni?"

Binti akaja mbio. "Ni hopsi tu, baba, yale maua ya kutia uchungu! Bia ni chungu, hasa hii. Kwani yeye hajawahi kunywa bia?"

Lugembe alichutama kando ya marehemu mtarajiwa. "Ndugu yangu," akamwuliza, "ni kweli pombe huijui?"

Festo alifungua jicho moja. Kifo kilikuwa kinasuasua. Akaona kwamba akisema alikuwa anatania, sifa zake zitabaki, na posa itakufa. Wilbroad alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri hukumu. Festo akatamani kupiga domo mara ya mwisho, jamani, hata moja tu! Akalimeza, nalo lilikuwa chungu kuliko bia.

"Kweli, Mzee. Siijui."

"Bwana asifiwe!" Lugembe alipiga makofi. "Na mimi niliambiwa nitaletewa mlevi sugu wa Tabora! Kumbe ni uzushi wa watu! Posa nimeipokea. Na siku ya harusi, wewe ndiye utakayesimama utoe ushuhuda jinsi ulivyoishi bila kugusa pombe!"

"Mbele ya watu wa Tabora?"

"Wote! Hata hao wa baa waalikwe!"

Vigelegele vikapaa. Wilbroad alimkumbatia mjomba wake huku analia kwa furaha, na Festo naye akalia, kwa sababu zake.

Katikati ya shangwe, bibi kizee alikung'uta maganda mapajani, akaivuta ile glasi iliyobaki nusu, akaigugumia yote bila kupepesa jicho. Akajifuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Wabeja, mjukuu wangu," akamshukuru Apolinaria kwa Kinyamwezi. "Ila ya leo mbona umeipika ya watoto?"

Festo akafumba macho, akatamani ile sumu ingekuwa ya kweli.