Besi Niliyoifuata Dutwa

Leo nimelambwa uso na dume la ng'ombe huku bendi yangu nzima ikitazama. Naandika mwenyewe kabla Doto hajaisambaza ile video na maneno yake.

Wengi mnajua tuna bendi ya roki hapa Bariadi. (Ndiyo, ipo. Ndiyo, Bariadi.) Kulwa anapiga dramu, pacha wake Doto anapiga gitaa na kuimba, mimi napiga besi. Shida ni kwamba mpiga besi sina besi. Ile niliyokuwa naazima kanisani kwaya wameichukua, wanasema roki inaiharibia tabia. Na kesho tunaingia studio kurekodi wimbo wetu wa kwanza. Doto alishanitangazia kabisa: usipopata besi leo, sehemu yako tunaipiga kwa kinanda. Kinanda! Yaani nifanye mazoezi mpaka vidole vipate sugu, halafu nafasi yangu ikaliwe na kidude cha plastiki.

Asubuhi nikaanzia dukani pale mjini. Walikuwa na besi moja nyekundu, inang'aa mpaka unajiona. Nikaichomeka, sauti ikatoka nyembamba, imekondeana. Basi nikaanza kumwelimisha muuzaji. Nikamwambia besi ya kurekodia roki haichaguliwi kwa macho. Inataka mti mzito, zile sumaku za chini ya nyuzi ziwe na nguvu, na ukigusa uzi mnene kifua kitetemeke. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nanunua au nahubiri. Akanielekeza Dutwa, kwa mzee Ng'wandu, aliyekuwa anapiga besi kwenye kwaya iliyovunjika zamani. Anauza ya kwake.

Nikavaa kiroki kabisa, na koti langu jeusi la ngozi, jua la huku mnalijua. (Ngozi ya ng'ombe hiyo. Kumbukeni.) Nikapanda basi. Nashuka Dutwa jasho limefika kwenye soksi.

Kwa mzee ni nje kidogo ya senta, nyuma ya nyumba kuna mashamba ya pamba. Nikamkuta barazani na mke wake, Mama Minza, anapeta mchele. Nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba." Tukaulizana mhola, yaani habari, tukaulizana mvua, tukaulizana watu wa nyumbani na mifugo, ambayo mimi sina hata kuku. Ndipo besi ikatolewa ndani, imefungwa kwenye kitenge.

Nyeusi. Nzito. Rangi imebanduka pale mkono unapokaa. Nikaipenda kabla sijaigusa (mimi huyuhuyu wa haichaguliwi kwa macho). Mzee akaichomeka kwenye spika kubwa inayotumia betri ya gari, akanikabidhi na neno moja.

"Uzi mnene uguse kidogo tu, ng'wanone. Saa hizi ng'ombe bado wako malishoni."

Nikatabasamu. Nikajisemea moyoni, mzee wa kwaya huyu, roki ataijulia wapi. Nikampigia Doto simu ya video, nikaiegemeza juu ya kigoda. Wakatokea wote: Doto, Kulwa na fundi wa studio. Nikawaambia wakae vizuri wasikie besi. Nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaushika uzi mnene na sikuuacha.

Jamani, ile kitu inanguruma! Kuku wakahama. Sufuria zikaanza kugongana zenyewe jikoni. Kulwa anatikisa kichwa. Doto, ambaye kusifu kwake ni msiba, akasema, "Hiyo hiyo. Uje nayo." Nikafumba macho kwa raha. Nikasikia ardhi inatetemeka chini ya miguu, nikaamini ni mimi.

Sikuwa mimi. Kufumbua macho, ng'ombe hao wanakuja mbio wakikata katikati ya pamba, mbele yao dume kubwa lenye bua la pamba limening'inia kwenye pembe. Mchungaji yuko nyuma kabisa, anatukana kwa Kisukuma na fimbo iko juu.

Kumbe tangu kwaya ivunjike, mzee kila jioni anakaa barazani anapiga ule uzi mnene, na Mama Minza anamwaga chumvi kwenye kihori. Ng'ombe wakazoea. Wakisikia ngurumo, wanajua chumvi tayari. Sasa mimi nimewaita mchana kweupe, kwa sauti ya mwisho, na chumvi ndani hamna.

"Usiache kupiga," mzee akaniambia, bila haraka yoyote. "Ukinyamaza kabla ya chumvi, watakutafuta wewe."

Mama Minza akachukua baiskeli aende senta kununua. Alibadilisha kitenge kwanza.

Nikapiga. Wimbo wetu nikaumaliza, nikaurudia, nikaingia kwenye nyimbo za mchakamchaka. Ng'ombe wamenizunguka, hawana chumvi, na mbele yao kasimama mtu aliyelowa jasho. Yule dume akanusa mkono wa koti langu. Akanitazama. (Sijui alimtambua nani.) Akalamba mkono, akalamba shingo, akaingia sikioni, kisha akanipitia uso mzima kuanzia kidevuni mpaka kwenye nywele. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, asikudanganye mtu. Kumfukuza siwezi, mikono iko kazini. Kurudi nyuma siwezi, waya ni mfupi. Watu wa baiskeli wamejaa barabarani. Mama mmoja akauliza kama huyo ni mganga wa mifugo, mwenzake akamjibu hapana, huyo ndiye mgonjwa.

Kwenye simu Doto analia kwa kicheko. Halafu namsikia: "Shija, usisogee, unatoka kwenye picha." Dume akainua kichwa, akalia mlio mrefu. Fundi wa studio akasikiliza, akasema, "Huyo ng'ombe yuko kwenye sauti. Wewe ndiye uliyetoka."

Chumvi ikafika. Wote wakanigeuzia mgongo, hata kwaheri hakuna. Mzee akawatazama wakilamba, kisha akaniuliza, "Hivi nikiuza hii, hawa nitawaita na nini?"

Nikakiona kinanda kile, kimekaa mahali pangu. Nikaomba. Nikapiga na magoti, na koti langu la ngozi, mate yananidondoka, tena si yangu.

Mzee akafikiri. Mnajua kwetu mtu anaweza kukukabidhi ng'ombe wake umtunze: maziwa unakunywa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akasema na besi itakwenda hivyohivyo. "Ichukue asubuhi ukarekodi. Lakini jua likianza kushuka uwe hapa barazani, uwaite wewe. Mgongo wangu umechoka." Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Kwa hiyo kesho studio naingia, na kinanda kitanisamehe. Siku zote nilikuwa namwomba Mungu anipe mashabiki ambao wakisikia besi yangu tu, wanakuja mbio. Amenijibu. Wana pembe. Na nyie msicheke, maana wenzenu hawakucheka hata mmoja.